Kusoma kwa Saa za Mwajiri

Mwaka 1973 Waziri Mkuu Rashidi Kawawa alitoa agizo ambalo likisomwa leo mbele ya mameneja wa viwanda vya Zegereni au TAMCO, Kibaha, baadhi yao watadhani wanataniwa. Kila mahali pa kazi, lilisema agizo hilo, pawe na mpango wa elimu ya wafanyakazi, na masomo yaingizwe ndani ya saa za kazi. Si baada ya king'ora cha kutokea, wala si Jumamosi jioni. Mtu aweke spana chini, ashike kalamu, na mshahara wake uendelee kuhesabiwa kama kawaida.

Lilikuwa na sababu zake. Sensa ya 1967 ilionyesha kuwa watu wazima wapatao 67 kati ya kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni iliyofuata ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtihani wa taifa wa 1975 ulikuta wasiojua kusoma wameshuka hadi 39 kati ya 100, na kufikia 1986 walikuwa chini ya 10. Katika nchi ya namna hiyo, fundi asiyeweza kusoma kibao cha hatari kwenye mashine alikuwa tatizo la kiwanda, na kumfundisha kwa saa za kiwanda hakukuonekana ni fadhila. Mameneja hawakulipokea wote kwa mikono miwili. Kuna mahali madarasa yalifunguliwa, na kuna mahali agizo lilibaki kwenye jalada. Lakini msimamo wa Serikali ulieleweka: kujifunza ni sehemu ya kazi.

Leo anayesoma saa za kazi husoma kwa kuvizia. Simu iko kwenye droo iliyofunguliwa nusu, muhtasari wa somo umekuzwa mpaka herufi zisomeke bila kuinama, na kwenye kompyuta kuna jedwali la hesabu ambalo halijaguswa tangu chai ya saa nne. Mkuu wa idara akipita, goti linasukuma droo. Akishapita, droo inarudi palepale. Mwenye droo ana mtihani mwezi ujao, ana watoto nyumbani, na analala saa sita usiku. Saa nyingine ya kusoma hana.

Wapo wanaosema huo ni wizi, tena bila kupepesa macho: umelipwa saa nane, zifanyie kazi saa nane. Wapo wanaojibu kwamba mshahara wenyewe hautoshi, na kujiendeleza ndiyo ngazi pekee ya kuupandisha. Hoja hizo mbili husafiri pamoja kila asubuhi kwenye daladala zinazotoka Mbezi kwenda Kibaha, na zile zinazotoka Gongo la Mboto na kukwea vilima vya Pugu kwenda Kisarawe, kwani watumishi wa mkoa wa Pwani wanaolala Dar es Salaam si wachache, na saa ambayo wangeisomea nyumbani huliwa na foleni.

Kibaha, kwa kweli, si mji wa kuonea aibu kitabu. Umekua ukiuzunguka mradi wa elimu. Mwaka 1963 nchi nne za Nordiki, yaani Denmaki, Ufini, Norwei na Uswidi, zilianzisha kwa pamoja na Tanganyika mradi mkubwa katika eneo la Tumbi, kilometa 40 hivi kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro. Januari 1970 ukakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Shule ya sekondari, kituo cha afya ambacho ndicho asili ya hospitali ya Tumbi, na kituo cha mafunzo ya wakulima viliwekwa mahali pamoja, ili ujinga, maradhi na umaskini vipigwe kwa mpigo mmoja. Mkulima aliyekuja kukaa darasani pale hakuhesabiwa kuwa ametoroka shamba. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 na kuanza kufundisha 1994 kwa ajili hasa ya watu wasioweza kuacha kazi wakaenda bwenini, nacho kina eneo lake hapohapo Kibaha, Bungo. Kisarawe ina Minaki, shule ya zamani iliyoanza kama chuo cha Mtakatifu Andrea cha wamisionari wa UMCA. Kwa hiyo mtu wa Pwani anayeficha kitabu drooni anakificha katika moja ya sehemu za nchi hii zilizowekezewa vitabu mapema.

Sheria ina mambo mawili matatu ambayo yangepunguza ubishi kama yangejulikana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, na zisizidi 9 kwa siku. Mtu anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Halafu inakuja sentensi ambayo wafanyakazi wengi hawajawahi kuisikia: mwajiri halazimiki kulipia mapumziko hayo, isipokuwa kama amemtaka mfanyakazi aendelee na kazi, au akae tayari kwa kazi.

Maana yake ni hii. Saa ya mchana, kama umeachiwa kweli uondoke, haijanunuliwa na mtu. Ukila ubwabwa kwa mama lishe dakika kumi na tano na kuzitumia dakika arobaini na tano zilizobaki kusoma sheria ya mikataba, bosi hana cha kuuliza. Asiyekulipa saa hiyo hawezi kukupangia. Na kinyume chake ni kweli pia: kama meneja amekwambia ule hapohapo mezani huku ukipokea simu za wateja, hayo si mapumziko hata kama yameandikwa hivyo kwenye ratiba, na anapaswa kuyalipia.

Ugomvi uko kwenye saa zilizonunuliwa. Na hapo ni vizuri kupiga hesabu badala ya kupiga kelele.

Tuseme karani wa kiwanda analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi kwa wiki ya saa 45. Sheria yenyewe inatoa kanuni ya kukokotoa: mshahara wa mwezi ugawe kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa za wiki. Saa yake moja inatoka shilingi 1,538 na senti. Akiiba nusu saa kila siku kusoma, siku tano kwa wiki, kwa mwezi atakuwa amechukua muda wenye thamani ya shilingi 16,667 hivi. Si fedha ya kudharau. Ni nauli ya siku kadhaa. Sasa geuza upande wa pili. Mwajiri anayemwambia karani huyohuyo abaki saa moja baada ya muda kila siku, “tumalizie hizi oda,” bila kuandika popote, anachukua saa ambazo sheria inataka zilipwe mara moja na nusu. Kwa mwezi ni shilingi 50,000. Mara tatu ya kitabu cha droo.

Hesabu hiyo haimhalalishii karani. Inaonyesha tu kwamba ukianza kuita muda wa kazi mali, basi ni mali ya pande zote mbili, na mizani inayopima dakika za mfanyakazi ipime na za mwenye kiwanda. Wenye viwanda wengi wana mashine ya alama za vidole inayomnasa mtu aliyechelewa kwa dakika sita asubuhi. Mashine hiyohiyo ina kumbukumbu ya saa aliyotoka jioni. Safu hiyo ya pili mara nyingi haifunguliwi.

Mlinzi wa getini ndiye anayeonyesha ugumu wa jambo hili kuliko mtu yeyote mwenye ofisi. Kibanda chake kina kiti cha plastiki, tochi, chupa ya chai, na daftari lenye mistari ambamo anaandika namba ya gari, jina la dereva, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Nyuma ya daftari hilohilo, ukilifungua kwa upande wa pili, unaweza kukuta kanuni za hesabu za kidato cha nne. Mwenyewe anajiandaa kuwa mtahiniwa wa kujitegemea, au ndiyo kwanza anautafuta mtihani wa maarifa, ule ambao kila mtu anauita QT. Zamu yake ni ya usiku, ambayo kwa sheria, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, inapaswa kuongezewa asilimia 5 ya mshahara. Kati ya saa saba na saa kumi haingii hata gari moja.

Anaiba nini? Kwa karani, nusu saa ya kusoma ni nusu saa ambayo ankara haikuandikwa. Kwa mlinzi hakuna ankara. Ameajiriwa awe macho na awepo. Kitabu kikimsaidia asisinzie, mwenye mali amepata faida. Kikimzamisha mpaka asisikie waya wa uzio ukikatwa, amepata hasara kubwa kuliko mshahara wa mwaka. Kampuni za ulinzi huchagua njia rahisi ya kukataza vyote: kitabu, redio, simu. Matokeo yake ni watu wanaolala wima. Msimamizi mwenye akili angeuliza swali tofauti, la kazi yenyewe: mzunguko wa kukagua uzio umefanyika kila saa au haukufanyika? Kama umefanyika na umeandikwa, kilichosomwa kati ya mzunguko na mzunguko kimeigharimu kampuni kiasi gani?

Ukitoka getini ukaingia kwenye ofisi za umma, kipimo kinabadilika kwa sababu kuna mtu wa tatu. Yuko kwenye benchi.

Benchi la nje ya ofisi ya wilaya au ya mji linajulikana. Mbao zimelainika kwa kukaliwa. Mama ametoka Maneromango tangu alfajiri kufuata karatasi moja ya kiwanja, ameambiwa mhusika “ametoka kidogo.” Ndani, koti liko mgongoni mwa kiti. Koti kwenye kiti ni ujanja wa zamani wa ofisi za Kiswahili: linamaanisha mwenyewe yupo, hayuko mbali, pengine kikaoni. Mwenyewe anaweza kuwa kwenye chai, benki, msikitini, kwa mwanasheria, au kwenye kundi la kujisomea la wanachuo wenzake. Kwa mama wa benchini vyote ni sawasawa. Nauli yake ya kurudi kesho haibadiliki kwa kuwa mtumishi alikuwa anasoma jambo jema.

Hapa ndipo hoja ya “najiendeleza kwa faida ya taifa” inapoishiwa pumzi. Saa za Serikali zinaanza saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, na kanuni za maadili ya utumishi wa umma zinataja bidii ya kazi na kuwajibika kwa umma. Rais John Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba 2015, na kesho yake akatembea kwa miguu kutoka Ikulu hadi Wizara ya Fedha, akakuta viti kadhaa havina watu. Habari ile ilipendwa mno na wananchi, na si ajabu: nusu ya nchi imewahi kukaa kwenye lile benchi. Lakini ukaguzi wa viti hukamata makoti tu. Aliyepo kitini na simu yake drooni hakamatwi na rais wala na mashine ya vidole. Ndiyo maana tangu mwaka wa fedha 2023/24 Serikali imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya mfumo wa zamani wa OPRAS, ambamo mtumishi anaingiza kazi alizopangiwa na alichokitekeleza. Kwa maneno mengine, Serikali yenyewe imeanza kukubali kwamba kuwepo na kufanya kazi ni vitu viwili.

Darasani ni pabaya zaidi. Utafiti wa viashiria vya huduma uliofanywa nchini mwaka 2014 chini ya Benki ya Dunia ulikuta walimu wa shule za msingi wapatao 14 kati ya 100 hawapo shuleni siku ya kukaguliwa bila taarifa. Hiyo si mbaya sana. Kilichoshtua ni kwamba karibu 47 kati ya 100 hawakuwa darasani walipotakiwa kuwa darasani, ikiwa na maana kwamba wengi wao walikuwa shuleni, hatua chache kutoka kwa watoto. Mtoto aliishia kupata saa 2 na dakika 46 za kufundishwa kwa siku badala ya karibu saa 6. Sababu ni nyingi: vikao, takwimu zinazotakiwa haraka, uchovu, darasa lenye watoto mia. Katika orodha hiyo imo pia shahada. Mwalimu aliyeanza na cheti cha daraja la A anasoma ili apande, na mtihani wa chuo hausubiri muhula wa shule ya msingi uishe. Akibaki ofisini kumalizia kazi ya chuo huku kiranja akiandika majina ya wapiga kelele ubaoni, anayelipia ada halisi ya shahada ile ni mtoto wa darasa la tatu. Watoto hawana benchi wala hawajui kulalamika. Wanafurahi mwalimu asipoingia.

Kwa hiyo karani, mlinzi, mtumishi wa dirishani na mwalimu wanaweza wote kusoma nusu saa ileile, kitabu kilekile, wakawa wametenda mambo manne tofauti. Anayetaka kanuni moja ya kuwafunga wote atamwonea mlinzi na kumwachia mwalimu.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi wazi. Mara chache utasikia mtu kaandikiwa barua ya kujieleza kwa kubishana kuhusu Simba na Yanga, na mabishano hayo yanaweza kula asubuhi nzima ya Jumatatu. Chai ya saa nne inayovutwa mpaka saa tano huonekana ni utu. Kuondoka Ijumaa saa sita kwa ajili ya swala, katika mkoa wenye Waislamu wengi kama Pwani, kumezoeleka hata pale ambapo hakujaandikwa. Kinachowakera mabosi kuliko vyote ni kitabu. Kwa nini? Kwa sababu mpira hauendi popote na mfanyakazi. Kitabu kinaonyesha kwamba anajiandaa kuondoka. Dakika zilizopotea ni kisingizio kizuri. Hofu yenyewe ni kwamba mtu wa stoo akishapata stashahada ya ununuzi na ugavi, atataka mshahara wa ugavi, hapa au kwa jirani.

Kisa mashuhuri kuliko vyote cha mtu aliyebanwa kati ya ajira na shughuli yake kilitokea umbali mfupi kutoka Kisarawe mjini, kwenye shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwishoni mwa 1952 na kuajiriwa pale na wamisionari wa Kikatoliki kufundisha. Aprili 1953 akachaguliwa rais wa chama cha TAA. Julai 7, 1954 TANU ikazaliwa. Mwaka uleule wa 1953 serikali ya Gavana Edward Twining ilikuwa imewapiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Nyerere alinusurika kwa kuwa mwajiri wake alikuwa kanisa. Akafundisha wiki nzima na kushuka Dar es Salaam kwa shughuli za chama. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi akatakiwa kuchagua kati ya chama na ualimu. Akaandika barua ya kujiuzulu mwezi huohuo, akaacha mshahara, akabaki na jina la Mwalimu.

Wengi hukisimulia kisa hicho kama hadithi ya ujasiri, na ni sawa. Lakini kitazame kama suala la utumishi. Mwajiri hakuweza kudai jioni na Jumapili za mwalimu wake. Alichoweza ni kumwambia kwamba safari za wiki nyingi na kazi ya darasani haviendi pamoja. Naye hakujibu kwa kubaki kitini na kufanya siasa chini ya meza. Alipoona saa za shule haziwezi tena kupatikana kwa uaminifu, alizirudisha. Hilo la kuzirudisha ndilo gumu kwa mtu wa kawaida, ambaye hana chama nyuma yake na ana kodi ya nyumba ya kulipa Picha ya Ndege, Kibaha, mwisho wa mwezi.

Upande wa pili wa mizani uko kwenye masomo ambayo ni kazi, ila yanaitwa ya binafsi kwa sababu hakuna anayetaka kuyalipia. Muuguzi anatakiwa kuonyesha mafunzo endelevu ili leseni yake ihuishwe. Akisoma usiku wa manane, wodi imetulia, mwongozo mpya wa matibabu ya malaria, je, anajisomea mwenyewe au anamsomea mgonjwa wa kitanda cha nne? Kwa walimu, mfumo wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, umelikubali jambo hili kwa kuweka jumuiya za kujifunza palepale shuleni, walimu wakae pamoja wajadili mada inayowasumbua kufundisha. Humo kujifunza kumetoka drooni, kumewekwa mezani.

Marekani wana kanuni inayosaidia kufikiri, iliyojengwa juu ya sheria yao ya saa za kazi ya 1938. Mafunzo hayahesabiwi kuwa muda wa kazi endapo tu masharti manne yametimia kwa pamoja: yawe nje ya saa za kawaida, mtu aende kwa hiari, yasihusiane moja kwa moja na kazi yake, na asifanye kazi nyingine ya mwajiri wakati huo. Likikosekana moja, mwajiri analipa. Kanuni hizohizo zinahesabu mapumziko mafupi ya dakika 5 hadi 20 kuwa muda wa kulipwa, kwa hoja kwamba mtu aliyepumua kidogo anarudi akiwa na nguvu. Si kila kitu cha Marekani kinafaa kuletwa Mlandizi, lakini karani wa kiwanda chochote cha pale akitumwa Jumamosi kusomea programu mpya ya stoo, na Jumatatu akaambiwa “ilikuwa kwa faida yako,” angependa kuijua kanuni hiyo.

Tena mwajiri wa Tanzania analipia mafunzo tayari, apende asipende. Tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo wahasibu wanaiita SDL, tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara yote kwa mwajiri mwenye watu 10 au zaidi. Kiwanda chenye wafanyakazi 40 wa shilingi 300,000 kinatoa shilingi 420,000 kila mwezi. Sehemu ya fedha za namna hiyo ndiyo inayoendesha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na chuo cha VETA cha mkoa wa Pwani kiko Kibaha, si mbali na malango ya viwanda vyenyewe. VETA pia inaurasimisha ujuzi wa fundi aliyejifunza kazini bila cheti: anapimwa, anaonyeshwa pa kuziba, anatunukiwa. Mwenye kiwanda anayelipa tozo hiyo na hapohapo kumnyima fundi wake siku mbili za kwenda kupimwa analipia mafuta ya gari asilolipanda.

Swali la nani anaruhusiwa nalo lina harufu yake. Serikalini, anayetaka kusoma anatakiwa apate ruhusa ya mwajiri na awe kwenye mpango wa mafunzo. Aliyejiendeleza kimyakimya hukwama siku anapoomba kubadilishiwa kada. Utaratibu huo ni wa haki ukifuatwa kwa wote. Ila ofisi ni ofisi. Mkuu wa kitengo husoma shahada ya uzamili kwa kompyuta ya ofisi, akachapa tasnifu kwa wino wa ofisi, na katibu muhtasi akamsahihishia marejeo saa za kazi. Watu wanamwita msomi. Mhudumu wa ofisi akikutwa na daftari la Kiingereza jikoni baada ya kuosha vikombe, anaulizwa kama amemaliza kufagia korido. Tofauti hapo haiko kwenye dakika. Na ikiwa kuna mtu ambaye ofisi ingefaidika kumwona akijua zaidi, kwa gharama ndogo kabisa, ni yule wa jikoni.

Sheria ya 2004 inajua kupunguza saa za kazi inapotaka. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi kumnyonyesha mtoto. Kuna siku 28 za likizo ya mwaka, kuna likizo ya ugonjwa, ya uzazi, ya baba, ya msiba. Likizo ya masomo haimo. Ajabu ni kwamba Mkataba namba 140 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1974, ambao unahusu likizo ya masomo yenye malipo, Kenya iliuridhia 1979 na Tanzania 1983. Uswidi, moja ya zile nchi nne zilizojenga Tumbi, ilipitisha mwaka huohuo wa 1974 sheria inayompa mfanyakazi haki ya kutoka kwenda kusoma na kurudi kwenye nafasi yake. Mwajiri halipi siku hizo, lakini hawezi kumfukuza kwa ajili yake.

Hapa kwetu mtahiniwa wa Chuo Kikuu Huria aliyeajiriwa na kampuni binafsi hukata mitihani yake kutoka kwenye zile siku 28, na zikiisha anategemea huruma ya msimamizi au cheti cha daktari ambacho hakuna anayekiamini. Wakati Bunge halijaliandika jambo hili, mlango ulio wazi ni mikataba ya hali bora ambayo vyama kama TUICO viwandani na TUGHE serikalini na hospitalini hujadiliana na waajiri. Siku za mtihani zenye malipo au zisizo na malipo, saa mbili za wiki zinazofidiwa Jumamosi, ratiba ya masomo kukabidhiwa kwa msimamizi mwanzoni mwa muhula ili mtu wa dirishani apatiwe wa kumshikia zamu: vyote hivyo vinaingia kwenye aya moja ya mkataba. Mazungumzo ya mishahara huwa yanakula muda wote wa vikao hivyo, na aya hiyo husogezwa kikao kijacho.